Mbio za Langalanga Zisiachiwe Bahati

Msikilizaji wa taarifa za michezo kwa Kiswahili amezoea kusikia magari ya Fomula 1 yakiitwa magari ya langalanga. Hayo ni magari membamba ya kiti kimoja, ambayo magurudumu yake hukaa wazi nje ya bodi. Huenda wengi wanaolitumia neno hilo hawafahamu kuwa Langalanga ni mtaa wa Nakuru, na kuwa katika enzi za ukoloni palikuwa na njia ya mashindano ya magari yenye jina hilohilo katika eneo la Gilgil. Kwa hiyo, neno linalotumiwa kuzitaja mbio za Monaco na Melbourne ni jina lililo jirani kabisa na Bahati.

Bahati yenyewe iko kaskazini mwa mji wa Nakuru, kando ya barabara iendayo Subukia na Nyahururu. Ni nchi ya mahindi, viazi na maziwa. Ukilitazama jina lake na lile la Langalanga kwa pamoja, ni kama kwamba lugha imekwisha kueleza hali ya mchezo huu. Kutoka Bahati hadi Langalanga ni safari fupi ya matatu. Lakini kutoka Bahati hadi katika kiti cha gari la langalanga ni safari isiyo na barabara. Makala haya yanashikilia kuwa kinachokosekana katika safari hiyo si kipaji cha vijana wala ari yao. Kinachokosekana ni ngazi, na pasipo ngazi, mchezo mzima huachiwa bahati ya kuzaliwa.

Ngazi yenyewe inajulikana. Oscar Piastri wa Australia, aliyezaliwa Melbourne mwaka 2001, alianza kwa kushindanisha vigari vya kuchezea vinavyoongozwa kwa rimoti. Baadaye aliingia katika gokati, yaani magari madogo yasiyo na paa wala milango ambamo karibu madereva wote wa Fomula 1 hupata mafunzo ya awali. Mwaka 2016, angali kijana wa shule, alihamia Uingereza. Mwaka 2017 alishika nafasi ya pili katika Fomula 4 ya nchi hiyo. Mwaka 2019 akatwaa ubingwa wa Formula Renault barani Ulaya. Mwaka 2020 ubingwa wa Fomula 3. Na mwaka 2021 ubingwa wa Fomula 2. Mwaka 2023 alijiunga na timu ya McLaren, na mwaka uliofuata akashinda mbio zake za kwanza kuu nchini Hungaria.

Kipaji cha kijana huyo hakina shaka, kwani ubingwa wa Fomula 3 na wa Fomula 2 aliutwaa katika msimu wake wa kwanza wa kila daraja. Hata hivyo, kila kipandio cha ngazi hiyo kina bei. Katika madaraja ya chini, si timu inayomlipa dereva. Dereva ndiye anayeilipa timu ili apewe kiti. Matairi, injini, mafundi, mafuta na nauli hulipiwa na familia au wafadhili. Baba yake Piastri alikuwa mfanyabiashara wa programu za kompyuta za kurekebisha injini, na aliweza kubeba mzigo huo mwanzoni. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Katika mchezo huu kisu hununuliwa, tena hununuliwa upya kila msimu.

Hali ya Kenya haitofautiani sana na hiyo, ingawa huku mchezo uliokita mizizi ni mbio za nyika za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953. McRae Kimathi, aliyeshiriki mashindano ya dunia ya vijana katika theluji ya Uswidi mwaka 2022, ni mwana wa Phineas Kimathi, dereva wa zamani aliyewahi kuwa kiongozi wa mchezo huo nchini. Hamza Anwar, wa rika lake, ni mwana wa dereva Asad Anwar. Si Kenya pekee. Colin McRae wa Uskoti, ambaye jina lake amepewa Kimathi, alikuwa mwana wa bingwa Jimmy McRae. Na Kalle Rovanperä wa Ufini, mshindi wa Safari Rally mwaka 2022 na 2024, ni mwana wa dereva Harri Rovanperä. Vijana hawa hawana kosa lolote, na ustadi wao wameutolea jasho. Jambo la kujiuliza ni hili: je, ni wangapi wenye ustadi kama huo ambao hawakuzaliwa karibu na gari la mashindano?

Historia ya Kenya yenyewe inaonyesha kuwa mlango mwingine uliwahi kuwapo. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishika spana katika gereji ya baba yake kabla ya kushika usukani wa mashindano. Mwaka 1965 alishinda Safari Rally akiendesha Volvo iliyokuwa imetumika tayari, na nduguye Jaswant akiwa mwelekezi wake. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Siku hizo fundi mwenye akili na moyo aliweza kuwashinda wageni wa viwanda vikubwa. Magari ya leo hayampi fundi wa jua kali nafasi ya aina hiyo, kwa sababu bei yake imepita uwezo wa gereji ya mtaani.

Atakayesema kuwa umaskini ndio unaomzuia kijana wa Bahati na aifuate barabara ipitayo hapo mpaka inakofika Nyahururu. Huko ndiko alikotoka Samuel Wanjiru, mtoto aliyelelewa katika dhiki. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alipelekwa Japani kusoma na kukimbia. Na mwaka 2008 akashinda marathoni ya Olimpiki mjini Beijing kwa muda wa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Wanjiru na Piastri waliondoka makwao wakiwa na umri unaokaribiana. Mmoja alisafirishwa na mali ya familia. Mwingine alisafirishwa na mpangilio: mashindano ya vijana, watu wa kuviona vipaji, nafasi ya shule na klabu ya kumpokea. Riadha ilikuwa na ngazi ambayo mtoto wa maskini angeweza kuipanda.

Wapo watakaopinga kwamba kaunti yenye uhaba wa maji na dawa haina haki ya kufikiria magari ya mashindano. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini fedha za umma zimekwisha kuingia katika mchezo huu. Serikali ilitumia fedha nyingi kuirejesha Safari Rally katika ratiba ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na tangu hapo magari yamekuwa yakitimua vumbi Naivasha, Soysambu na Elementaita. Vijana wa kaunti hiyo wamepewa nafasi ya kusimama kando ya njia na kushangilia. Ikiwa mgeni ameandaliwa karamu, si haki mwenyeji aambulie kunusa mchuzi.

Panapohitajika kuanzia si Fomula 1, bali gokati. Uwanja mmoja mdogo wa lami Nakuru, magari machache yanayofanana injini na matairi, na vyuo vya kiufundi vya mji huo vikiwatumia wanafunzi wao kuyatunza, vingetosha kuwa kipandio cha kwanza. Wasiokuwa madereva wangetoka mafundi, na fundi hakosi kazi. Wanafunzi wa shule za Bahati, Gilgil na Molo wangeshindana kwa zamu, na bora wao wakatafutiwa wafadhili kwa ushahidi wa saa, si kwa majina ya baba zao. Samaki mkunje angali mbichi. Anayesubiri kijana afike umri wa kununua gari lake mwenyewe amekwisha kumchelewesha.

Husemwa kuwa penye nia pana njia. Katika mbio za magari msemo huo hauna budi kugeuzwa: pasipo njia, nia huishia kwenye bodaboda, ikishindana na malori barabarani pasipo kofia wala mwamuzi. Katika mashindano ya gokati za kukodi, kila dereva hupewa gari kwa kura ili asiwepo wa kujichagulia lililo bora. Hiyo ndiyo bahati pekee inayostahili kubakia katika mchezo huu.