Viini vilivyogeuzwa vyaacha simu nafuu bila kinga

HITILAFU iliyogunduliwa mwaka wa 2016 katika kiini cha Linux ilifichua udhaifu mkubwa wa simu za Android. Ufa huo, uliopewa jina Dirty COW, ulikuwa umejificha humo tangu 2007. Kiraka cha kuuziba kilitolewa upesi, ila simu nyingi hazikukipata kwa wakati.

Kiini, au kerneli kwa lugha ya mafundi, ndicho sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu na vifaa vyote vya simu. Linux, iliyoasisiwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka wa 1991, ni huru. Yeyote aweza kuichukua na kuigeuza. Google iliongeza yake, watengenezaji chipu wakaongeza yao, na kampuni za simu zikapachika zao. Google yenyewe imekiri kwamba hadi asilimia 50 ya msimbo wa kiini kinachoendesha simu huenda haukutoka katika Linux asilia.

Matokeo yake ni kwamba kila kiraka kilipotolewa, kila kampuni ililazimika kujenga upya kiini chake na kukifanyia majaribio. Kwa simu ya bei nafuu iliyokwisha kuuzwa, kazi hiyo haikuleta faida, hivyo mara nyingi ikapuuzwa.

Ndipo Google ikaamua kuviondoa viini hivyo. Simu zilizozinduliwa na Android 12 kuanzia 2021, zikiwa na kiini cha toleo la 5.10 au jipya zaidi, zilitakiwa kutumia kiini kimoja kilichojengwa na Google. Nyongeza za kampuni zilihamishiwa katika moduli zinazopakiwa kando.

Hata hivyo, kiini kimoja hurahisisha ukarabati tu. Hakimlazimishi mtengenezaji kuufanya. Umoja wa Ulaya umejaribu kuziba pengo hilo. Tangu Juni 20, 2025, sheria yake inataka masasisho ya simu mpya yapatikane bila malipo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli husika kuacha kuingizwa sokoni.

Nchini Kenya, ambako M-Pesa ilizinduliwa 2007 na simu ikageuka kuwa pochi, suala hili si la mafundi pekee. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na hapa ukuta huo ni akiba ya mwananchi. Kabla ya kuulizia kamera na betri, mnunuzi hana budi kuuliza simu hiyo italindwa hadi mwaka gani.