"Chochote" si bei

Msomaji mpenzi, kama umemaliza chuo ukachoka kusubiri barua ya kuajiriwa, au umeachishwa kazi na sasa umeamua kuuza ujuzi wako mwenyewe, leo nina neno nawe. Si la kukuvunja moyo. Nataka tu kukuepusha na masaibu yaliyonikuta mwaka 2018, nilipoaga mshahara na kujitangaza kuwa mfasiri wa kujitegemea hapa Nairobi.

Nilidhani wateja hukaa kwenye maghorofa. Kila asubuhi nilipiga shati pasi, nikabeba bahasha ya kaki, nikapanda matatu kutoka Umoja hadi mjini, kisha nikasaga lami hadi Upper Hill. Walinzi walinizoea. Karani wa mapokezi wa ofisi moja alifika hatua ya kunijibu kabla sijauliza: "Bado yuko mkutanoni." Mkutano gani huo wa wiki tatu, jamani?

Hatimaye bwana mkubwa mmoja akaniita. Lo, furaha iliyoje! Akasema wanatafuta mfasiri wa kudumu, ila kwanza nifanye "sampuli kidogo". Sampuli yenyewe ilikuwa kurasa 12. Nilikesha siku mbili, mke wangu akinipikia chai ya rangi kwa sababu pesa za maziwa hazikuwapo, na kodi ya nyumba hatukujua ingetoka wapi. Nikapeleka kazi, nikashukuriwa, kisha kimya. Miezi miwili baadaye nikaokota kijitabu mezani pa kinyozi, nikajikuta nasoma sentensi zangu mwenyewe. Hata kosa la herufi nililolifanya saa tisa usiku lilikuwa pale pale.

Utaniuliza kwa nini sikumshtaki. Kwa karatasi gani? Hatukuwa tumeandikiana hata mstari mmoja. Siku hizi angalau tuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inaitaka ikate shauri kwa siku 60, na waweza kujiwakilisha mwenyewe. Lakini hata huko utaulizwa mlikubaliana nini. Ujumbe wa simu tu, wenye kutaja kazi, bei na siku ya malipo, na yeye akajibu "sawa", utakupa pa kusimamia.

Mteja wangu wa kwanza wa kweli alikuwa na kibanda cha mboga, hatua kama 30 kutoka mlangoni pangu. Alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama. Katiba yao iliandikwa kwa Kiingereza, na kila mkutano uligeuka vita: nani anadaiwa faini, mkopo unalipwa kwa muda gani, mwanachama akifariki hisa zake zinakwenda kwa nani. Nilikuwa nimenunua sukuma wiki kwake mwaka mzima nikisikia malalamiko hayo, nisitambue kwamba hiyo ilikuwa kazi. Siku niliyomwambia ninafasiri, aliniuliza papo hapo:

"Utatutoza pesa ngapi?"

"Ah, mama, chochote mtakachopata."

Akaacha kukata mboga. "Mwanangu, chochote si bei. Nikikuambia sukuma hii ni chochote, utanipa ngapi?"

Nikasema shilingi 500 kwa ukurasa, sauti ikitetemeka. Kurasa zilikuwa nane. Mama akanyamaza. Hapa, msomaji, ndipo wengi wetu huanguka, maana kimya cha mteja hututisha kuliko hata kukataa kwake. Nilikwisha kufungua mdomo nipunguze bei aliposema chama kitatoa nusu kwanza. Jioni zikaingia Sh2,000 kwa M-Pesa. Mke wangu ndiye aliyeusoma ujumbe. Aliusoma mara mbili.

Kabla ya kuandika nilikwenda kuketi katika mkutano wao. Nikagundua kwamba kifungu cha faini kilisomeka kwa njia mbili, na kila upande ulikuwa na haki ya kugomba. Nikawaonyesha, wakapiga kura, ndipo nikafasiri. Nadhani hapo ndipo nilipolipwa. Akina mama wale hawakuhitaji kuona shahada yangu; walitaka mkutano unaokwisha kabla ya giza. Nawe ukimwendea mtu, msikilize kwanza ujue kinachomkosesha usingizi, ndipo utaje ulichosomea.

Kosa nilifanya. Sikutaja mwisho wa marekebisho, wakanirudishia kazi mara nne. Siku hizi naandika: marekebisho mawili, ya tatu yana bei yake.

Na ofisi zikikuita, uwe na karatasi zako. Utaulizwa PIN ya KRA na ankara ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 kampuni isiyo nayo hupata taabu kuhesabiwa malipo yako kama gharama ya biashara. Ada yako ya kitaalamu yaweza pia kukatwa kodi ya asilimia 5 kabla hujaipokea. Usigombane na mhasibu wao. Mwombe cheti cha makato ukitumie unapowasilisha ritani.

Mwanachama mmoja alikuwa na binti aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini. Mwezi uliofuata nikapigiwa simu kutoka huko. Sauti nzito ikasema imesikia habari zangu, wana kijitabu cha kurasa 20, ila kwanza wangependa sampuli.

"Ukurasa mmoja nitawafanyia bure," nikasema. "Mniteulie ninyi wenyewe ulio mgumu."

Kimya. Nikawaza kodi ya nyumba. Mke wangu alikuwa mlangoni ananitazama, nami nikauma ulimi.

"Sawa," ikasema ile sauti. "Na zile 19 ni pesa ngapi?"