Mwili wa Vata, Mwili wa Kapha na Swali Lisiloulizwa Kliniki

Si ajabu siku hizi kumsikia mkazi wa Moshi akisema kwamba mwili wake ni wa vata, au kwamba kiungulia chake kinatokana na pitta iliyozidi. Maneno haya ya Kihindi cha kale yamefika kwa njia ya maduka ya mitishamba na, zaidi ya hapo, kwa simu za mkononi. Mtu hujibu maswali kuhusu ngozi, usingizi, njaa na hasira zake, akapewa jina la mwili wake pamoja na orodha ya vyakula, na pengine akauziwa kopo la unga. Kisha hufika kliniki ya kisukari au ya shinikizo la damu na hayataji hayo yote. Mhudumu naye haulizi. Ukimya huo una hatari kubwa kuliko vata na pitta zenyewe.

Ayurveda ni elimu ya tiba iliyokua Bara Hindi kwa zaidi ya miaka 2,000, na miongoni mwa vitabu vyake vikuu ni Charaka Samhita na Sushruta Samhita. Hufundisha kwamba mwili huendeshwa na nguvu tatu. Vata huhusishwa na hewa na anga: anayetawaliwa nayo huwa mwembamba, mwenye ngozi kavu, usingizi mwepesi na mawazo yasiyotulia. Pitta ni moto na maji: njaa kali, jasho jingi, hasira za karibu. Kapha ni maji na udongo: mwili mzito, mwendo wa taratibu, usingizi mrefu. Kila mtu huzaliwa na zote tatu kwa kiasi chake, na ugonjwa ni kutoka nje ya kiasi hicho. Kwa hiyo matibabu huanzia kwenye chakula, usingizi, kazi, majira ya mwaka na kukandwa kwa mafuta kabla ya kufikia dawa.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuyaona mawazo haya kuwa mageni. Pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa, wazee hugawanya vyakula kuwa vya moto na vya baridi, na hilo ni tawi la tiba ya Kiyunani iliyopokewa kupitia kwa Waarabu. Lugha yenyewe imeihifadhi. Balghamu ilikuwa moja ya majimaji manne yaliyoaminika kuutawala mwili, na leo ni makohozi tu. Safura lilikuwa jina la nyongo ya manjano. Likaja kuwa jina la ugonjwa wa mtu aliyepauka, aliyevimba miguu, anayeishiwa pumzi na wakati mwingine kula udongo. Nyongo iliposingiziwa, mgonjwa aliendelea kupungukiwa damu. Ilipojulikana kwamba minyoo midogo hupenya ngozi ya miguu, hukwea hadi kwenye utumbo na kunyonya damu huko, ndipo yakapatikana matibabu: dawa ya minyoo, madini ya chuma, viatu na choo. Jina la kale limebaki, na hakuna aliyepata hasara kwa kubaki kwake. Wauguzi bado husema minyoo ya safura, na albendazole hufanya kazi yake bila kujali asili ya neno.

Mlimani nako kulikuwa na hekima ya kulingana na hali ya mwili. Mama aliyejifungua hupewa mtori, ndizi zilizopondwa zikapikwa na nyama na mchuzi wake, chakula cha moto, laini na chepesi kumeng'enywa. Mwalimu wa Ayurveda angekisifu kwa kutuliza vata. Angemwagiza mtu wa kapha apunguze mafuta na sukari, ale mboga chungu na atembee sana. Mnafu upo kila kihamba, na miteremko ya Kibosho na Marangu haihitaji ukumbi wa mazoezi. Mtaalamu wa lishe katika kliniki ya kisukari hutoa takriban ushauri huohuo. Hapa mgogoro haupo, na mhudumu anayemcheka mgonjwa kwa kusema "mimi ni kapha" anajinyima mlango uliokuwa wazi. Angeweza kumjibu: "Vizuri mama, basi kapha yako na sukari yako zinataka kitu kimoja."

Tatizo huanza pale jina la maumbile linapochukua nafasi ya uchunguzi. Mtu aliyekonda, asiyelala vizuri, ambaye moyo humwenda mbio, aweza kuitwa vata huku tezi yake ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi. Mwenye kiu na njaa zisizokwisha aweza kuambiwa ana moto wa pitta, kumbe sukari imepanda. Mzito, mchovu, anayehisi baridi hata mchana wa Februari pale mjini, huenda tezi hiyohiyo imelegea. Na yule anayekonda, anatoka jasho usiku na kukohoa kwa wiki mbili anahitaji kupimwa kifua kikuu. Mkoa wa Kilimanjaro una hospitali ya Kibong'oto, iliyojijengea jina kwa ugonjwa huo. Ni masikitiko mtu kukaa nyumbani akijipaka mafuta ya ufuta kwa kuwa ameambiwa wembamba ni asili yake. Mabadiliko mapya katika mwili hayawezi kuitwa maumbile. Hata Ayurveda yenyewe hutofautisha hali ambayo mtu alizaliwa nayo na hali aliyo nayo leo, jambo ambalo maswali ya simuni hayana nafasi ya kulifafanua.

Wapo wanaodai kwamba hospitali huidharau tiba ya Mashariki kwa chuki. Historia ya dawa za presha inasimulia vingine. Mmea uitwao sarpagandha, wa jenasi ya Rauvolfia, ulitumiwa India tangu kale. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya kuwapa mmea huo wagonjwa wenye shinikizo la juu la damu, na madaktari wa dunia wakamsikiliza. Mwaka 1952 wanakemia wa Basel, Uswisi, walitenga kiini chake, reserpine, ambacho kilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza zilizoshusha presha kwa uhakika. Kupima kulikuwa na upande wa pili pia: ilibainika kwamba dozi kubwa huweza kumtia mgonjwa katika sonona, hivyo dozi ikapunguzwa. Mchagga ana ndugu wa mmea huo karibu na nyumba. Msesewe, ambao gome lake huipa mbege uchungu, ni Rauvolfia caffra. (Asije mtu akasema mbege ni dawa ya presha, pombe huipandisha.) Mti wa India uliingia hospitalini kwa sababu mtu alikaa na mashine ya presha akaandika namba kabla na baada.

Kopo la unga lisilo na maelezo halijapita njia hiyo. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa makusudi kwa madini, zikiwemo zebaki na risasi, kwa imani kwamba kuchomwa na kusafishwa huondoa sumu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 70 zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi huleta maumivu ya tumbo, upungufu wa damu na madhara kwa mtoto aliye tumboni. Zebaki huharibu figo. Nazo figo za watu wa Moshi tayari zina mzigo: uchunguzi wa kaya uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa takriban watu wazima 7 kati ya 100 katika eneo hili, wengi wao wakiwa hawajui. Hata mmea usio na madini si lazima uwe salama. Mizizi ya susu, ambayo Ayurveda huipenda kwa kifua na tumbo, ikitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo husajili waganga na dawa zao. Mgonjwa ana haki ya kuuliza usajili uko wapi. Muuzaji anayejibu kwa ukali au kwa kusema "hii ni asili tu" ameshajibu.

Upande wa kliniki, swali moja linatosha kuanzia, likiulizwa kwa sauti isiyo ya hukumu na kabla ya kuandika dawa: "Baba, mbali na vidonge hivi, nyumbani unatumia kitu gani kingine?" Likiulizwa kwa namna ya "hutumii miti shamba, sivyo?", jibu litakuwa hapana, na kadi itaandikwa uongo. Atakayetaja unga au vidonge vya mitishamba aombwe aje na kopo lenyewe safari ijayo, jina na kiasi anachotumia viandikwe kwenye kadi, apimwe utendaji wa figo, na aelezwe waziwazi kwamba kidonge cha presha au sindano ya insulini haiachwi kwa sababu mwili umeanza kuhisi wepesi. Mtori, mnafu, usingizi wa saa zilezile kila usiku na kutembea mteremko wa asubuhi aendelee navyo, na kama anapenda kuviita dawa ya kapha, aviite hivyo.