Akiisha Kutimiza Miaka 18, Aende Wapi?

Likitajwa jina la Kifungilo, wengi hukumbuka shule ya wasichana ya Masista, iliyowatoa mabinti wengi wasomi wa nchi hii. Sifa hiyo ni halali yake. Lakini leo twataka kunena habari za vijana wa milima hiyo hiyo ya Usambara ambao hakuna anayewahesabia vyeti, nao ni vijana wenye usonji.

Usonji si wazimu, wala si laana ya ukoo, wala haumwishii mtu aotapo ndevu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa nao. Kwa hesabu hiyo ni vigumu kuamini kwamba iko kata yoyote ya Lushoto isiyo na kijana wa namna hii.

Lushoto haikulala. Huko Irente Kanisa la Kilutheri lina shule ya Rainbow, inayowafundisha watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Na mwaka 2007 Kanisa hilo lilifungua chuo chenye jina la marehemu Askofu Sebastian Kolowa, kikaanza kuwaandaa walimu wa elimu maalumu. Shida yaanza shule inapokwisha. Kijana hurudi kwa mama yake, na yale aliyojifunza, kufunga vifungo, kutandika kitanda, kupika ugali, humpotea moja baada ya jingine, kwa kuwa nyumbani kila kitu afanyiwa. Afanyiwa kwa huruma! Na huruma hiyo, twasema bila kificho, ndiyo imlemazayo.

Kumwandaa kijana huyu hakuna siri. Kazi hukatwa vipande vidogo: kunawa mikono, kuosha kiwele, kukamua, kuchuja, kupeleka maziwa. Kila kipande huchorewa picha ukutani, na mpango haubadilishwi mpaka mkono wenyewe uzoee. Wengi wenye usonji hupenda utaratibu usiogeuka, na ng'ombe naye hukamuliwa saa zile zile kila siku. Kitalu cha miche nacho ni hivyo hivyo. Gulio la Soni ni jambo jingine. Kelele, kusukumana, bei ya asubuhi si ya mchana. Huko apelekwe kwanza kabla watu hawajajaa, akiwa na mwenzake, anunue chumvi tu. Juma la pili chumvi na sabuni, ahesabu chenji mwenyewe. Tena afundishwe kusema "sitaki", maana wenye hila wapo, na binti ndiye aliye hatarini zaidi.

Wapo watakaotuuliza: je, ataweza kuishi peke yake? Huko Ulaya kujitegemea mara nyingi ni chumba cha mtu na ufunguo wake. Kwetu milimani hata mzima haishi peke yake. Hujenga kando ya kiwanja cha baba yake. Basi kijana huyu naye awe na mlango wake, fedha yake, na sauti katika mambo yake. Akihitaji nduguye amkumbushe siku ya gulio, hiyo si aibu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataja vilema pamoja na watoto wadogo na wazee, miongoni mwa wale wenye haki ya kutunzwa na wenzao. Lilikuwa neno la utu. Hata hivyo tusilifanye kisingizio cha kumketisha kivulini kijana mwenye nguvu za kulima.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awape watu hao asilimia 3 ya nafasi za kazi. Ni sheria njema, ila mwenye duka wa Lushoto na mwenye ng'ombe watatu haiwagusi. Lililo karibu zaidi ni fungu la asilimia 2 katika mikopo ya halmashauri, iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurudishwa mwaka 2024.

Tena liko la ardhi. Mashamba ya Usambara ni finyu, na siku mzazi afapo, ndugu mwenye maneno mengi humega fungu la asiye na maneno. Wazazi waandike wosia wangali hai, mbele ya wazee na mashahidi, wataje shamba lipi ni lake na nani atakayemsimamia.

Twaiomba Halmashauri ya Lushoto, itakapokaa kwa bajeti, iwaambie wananchi ni vijana wangapi wenye usonji waliofikiwa na fungu lile. Ikiwa hawajapata kuhesabiwa, kazi na ianzie kwa mabalozi wa mashina, ambao wanaijua nyumba yenye kijana asiyetoka nje.