Kugombea Namba: Funzo la Kijana wa Asili ya Samoa

Kila mwaka, ifikapo mwisho wa mwezi wa Julai, klabu 32 za kandanda ya kulipwa nchini Marekani hufungua kambi zao za mazoezi, na kila klabu huruhusiwa kuingia kambini na wachezaji 90. Ifikapo mwisho wa Agosti, kanuni za ligi hiyo hutaka wabakie 53 tu. Kwa hesabu nyepesi, wachezaji zaidi ya 1,100 huambiwa kwamba majina yao hayamo katika vikosi. Baadhi yao hubakizwa katika kundi la akiba la kufanyia mazoezi. Wengine hufungasha virago na kurejea makwao, na wengi wao ni chipukizi ambao hawajapata hata siku moja kuvaa jezi katika mchezo wa ligi.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya mchezo huo, ambao wengi wetu hatujapata kuuona ila katika televisheni, yanatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba miongoni mwa waliopata sifa katika miaka hii ya karibuni, kwenye nafasi iliyo ngumu kupita nyingi katika mchezo huo, wamo wana wa visiwa vidogo vya bahari ya Pasifiki. Ya pili ni kwamba ligi hiyo imekwisha kuvuka bahari na kuanza kutafuta vijana katika bara letu. Mwaka 2022 ilifanya kambi ya kuwapima vijana mjini Accra, na mwaka 2023 ikafika Nairobi. Kutoka Nairobi hadi kwetu si mbali. Hapana budi, basi, jambo hili tulitazame kabla halijabisha hodi.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Timu inayoshambulia huwa na wachezaji 11 uwanjani, na watano kati yao husimama mbele kama ukuta. Wa katikati huanzisha mchezo kwa kumpa mpira mrushaji, ambaye ndiye nahodha wa mashambulizi. Baada ya hapo kazi ya wote watano ni kuwazuia mahasimu wasimfikie mrushaji huyo kwa muda wa sekunde mbili au tatu anaouhitaji, au kuwafungulia njia wale wanaokimbia na mpira. Watu hawa watano hawafungi magoli, wala hawaruhusiwi kupokea mpira unaorushwa isipokuwa kwa taratibu maalumu. Majina yao husikika zaidi siku wanapokosea, wakati mrushaji amekwisha kuangushwa chini.

Nafasi ya hatari zaidi ni ile ya mwisho wa ukuta, upande wa kushoto. Mrushaji atumiaye mkono wa kulia huupa mgongo upande huo, na kwa hiyo hamwoni anayemjia. Usalama wake wote umo mikononi mwa mtu mmoja. Ndiyo maana klabu hukubali kutoa fedha nyingi kwa ajili ya mlinzi huyo, na ndiyo maana chipukizi anayeitaka namba hiyo hupimwa kwa kipimo kikali.

Kijana tunayemzungumzia ni Jordan Mailata, aliyezaliwa mwaka 1997 katika jiji la Sydney, Australia, kwa wazazi wa Kisamoa. Alikulia katika raga ya wachezaji 13, na akachezea timu ya vijana ya klabu ya South Sydney. Ukubwa wa umbo lake, urefu wa mita mbili na ushei na uzito wa kilo 157 hivi, ulionekana kuwa ni mzigo katika mchezo unaotaka mtu akimbie dakika 80. Mwanzoni mwa mwaka 2018 alikwenda Florida chini ya mpango wa ligi ya Marekani wa kuwatafuta wachezaji wa nchi za nje, ulioanzishwa mwaka 2017. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo klabu ya Philadelphia Eagles ikamchagua katika raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, akiwa mtu wa 233 katika orodha. Siku alipochaguliwa hakuwa amepata kucheza mchezo hata mmoja wa kandanda hiyo.

Tuupime ugumu aliokabiliana nao. Katika raga, kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa linaloadhibiwa; katika kazi yake mpya, kumzuia mtu asiye na mpira ndiyo kazi yenyewe. Katika raga alizoea kukimbia mbele akiwa ameukumbatia mpira. Sasa alitakiwa kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, huku amejikunja magoti, mikono iko tayari na macho hayambanduki adui. Akimshika mpinzani kinyume cha kanuni, timu yake hurudishwa nyuma yadi kumi. Kwa maneno mengine, kijana huyu hakuwa na budi kuusahaulisha mwili wake yale uliyokuwa umejifunza tangu utotoni. Hilo ni zito kuliko kujifunza jambo jipya, na kila mwalimu aliyepata kumfundisha mtu mzima analijua.

Matokeo hayakuja upesi. Msimu wa 2018 ukapita bila ya yeye kucheza katika ligi. Msimu wa 2019 ukapita vivyo hivyo, mgongo ukimsumbua. Isitoshe, mwaka huo wa 2019 klabu ilimchagua katika raundi ya kwanza mlinzi mwingine wa nafasi ile ile, Andre Dillard, mtu wa 22 katika orodha, kijana aliyesomea mchezo huo chuoni na kugharimu fedha nyingi. Mtu yeyote aliyezoea kusoma alama za nyakati angesema kwamba shauri limekwisha, na kwamba kijana wa raundi ya saba atafute nauli ya kurudia kwao.

Lakini mwaka 2020 Dillard aliumia mkono na kuukosa msimu mzima, na walinzi wengine nao wakaumia. Mailata akaingizwa, akaanza katika michezo kumi. Mwaka 2021 akaja kocha mkuu mpya, Nick Sirianni, naye akaitangaza namba ile kuwa ni ya kugombewa kambini baina ya vijana hao wawili. Mwisho wa Agosti jina lililotajwa likawa la Mailata. Tarehe 11 Septemba, siku moja kabla ya mchezo wa kwanza wa msimu, alitia saini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 64. Tarehe 9 Februari 2025, mjini New Orleans, alikuwa amesimama pale pale pembeni kushoto klabu yake ilipoifunga Kansas City Chiefs 40 kwa 22 na kutwaa ubingwa.

Kwa maoni yetu, kiini cha habari hii hakimo katika dola wala katika kombe. Kimo katika uamuzi wa Agosti 2021. Klabu ilikuwa na kila sababu ya kumpa namba yule iliyemnunua ghali, maana kumweka benchi kulikuwa ni kukiri mbele ya watu kwamba fedha hazikutumika vizuri. Wakubwa wengi, katika michezo na katika shughuli nyingine za umma, hushindwa katika mtihani wa namna hii: humwacha mtu katika kiti kwa sababu wao ndio waliomkalisha. Wale wa Philadelphia waliyatazama yaliyoonekana uwanjani, wakaamua kwa hayo. Dillard naye hakutupwa. Alibaki kama mchezaji wa akiba mpaka mkataba wake ulipokwisha, kisha akapata klabu nyingine.

Wala hilo halikuwa jambo la kubahatisha katika klabu hiyo. Mwaka 2011 Jason Kelce, aliyechaguliwa wa 191 katika raundi ya sita na kuhesabiwa kuwa mdogo mno wa umbo, aliipata namba ya mlinzi wa kati akiwa chipukizi wa mwaka wa kwanza, akimwondoa mzoefu aliyemtangulia. Alianza katika michezo yote 16 ya msimu huo, akaitumikia klabu hiyo hiyo misimu 13 na kustaafu mwaka 2024. Tukiweka mifano hiyo miwili pamoja tunaona kwamba mmoja alikuwa tayari katika mwaka wake wa kwanza, na mwingine alihitaji misimu miwili ya kukaa nje. Busara ya kiongozi ni kutambua yupi ni yupi, asimharakishe wa pili wala asimcheleweshe wa kwanza.

Nyuma ya kijana huyo alikuwapo mwalimu. Jeff Stoutland, aliyeanza kuwanoa walinzi wa klabu hiyo mwaka 2013, ndiye aliyemshika mkono tangu hatua ya kwanza ya mguu. Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Lakini uvumilivu wa mwanafunzi bila ya uvumilivu wa mwalimu, na wa mwajiri anayelipa mishahara ya wote wawili, haumfikishi mtu popote.

Mwana wa visiwani hasa, kwa kuzaliwa, ni Penei Sewell. Huyu alizaliwa mwaka 2000 katika Samoa ya Marekani, visiwa vyenye watu wapatao 50,000, kisha familia yake ikahamia Utah. Klabu ya Detroit Lions ilimchagua mwaka 2021 akiwa mtu wa saba katika orodha nzima, na ikamhamisha kutoka upande wa kushoto aliouzoea kumpeleka kulia. Katika michezo ya majaribio alipata taabu. Kabla ya mchezo wa kwanza wa ligi, mwenzake wa upande wa kushoto akaumia kidole, na chipukizi huyo, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 21, akarudishwa kushoto ghafla kumkabili Nick Bosa wa San Francisco. Hakutetereka. Mwaka 2024 alitia saini mkataba wa dola milioni 112 kwa miaka minne.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuwasimulia wasomaji wetu yaliyo matamu tu. Anayechaguliwa raundi ya saba hupewa mkataba wa miaka minne, lakini kiasi kilicho na dhamana kwa kawaida ni zile fedha kidogo za kutilia saini; akikatwa mwezi wa Agosti, iliyobaki ni karatasi. Wengi waliopitia mpango ule ule wa wageni hawakufika alikofika Mailata.

Kuna pia madhara ya kichwa. Mike Webster, mlinzi wa kati wa Pittsburgh aliyekuwa na sifa kubwa, alifariki mwaka 2002 baada ya miaka ya mateso ya akili. Ni daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliyeuchunguza ubongo wake na kuchapisha mwaka 2005 habari za maradhi yanayoletwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Junior Seau, ambaye wazazi wake walitoka Samoa ya Marekani, alijiua mwaka 2012, na uchunguzi uliotangazwa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba ubongo wake ulikuwa na maradhi hayo hayo. Mwaka 2015 mahakama iliidhinisha suluhu kati ya ligi na maelfu ya wachezaji wa zamani, na malipo yake yamekwisha kupita dola bilioni moja. Visiwa vya Samoa vimepata fahari kutokana na mchezo huo, na vimezika pia.

Kutokana na hayo, tunayo mambo ya kuwaambia waheshimiwa wenye dhamana ya michezo na ya vijana. Mosi, wakala yeyote ajaye kuwapima vijana wetu, kwa mchezo huu au mwingine wowote, ajiandikishe kwanza serikalini, na mkataba wowote usomwe kwa Kiswahili mbele ya mzazi na mwanasheria kabla ya kalamu kushikwa. Pili, iulizwe mapema ni nani atakayemtibu kijana akiumia, na kwa miaka mingapi baada ya kuacha kucheza. Tatu, masomo yasikatishwe, kwa maana wanaorudi ni wengi kuliko wanaobaki.

La mwisho linahusu nyumba zetu wenyewe. Klabu zetu, na kamati zinazochagua vikosi, zina desturi ya kumwuliza chipukizi ametoka wapi na ni nani aliyemleta, kabla ya kumtazama anavyocheza. Vijana wanaiona desturi hiyo, na wengi wao huacha mapema, maana hakuna anayejitahidi kuigombea namba anayojua kwamba imekwisha kugawanywa. Kijana wa raundi ya saba aliipata namba ya Philadelphia kwa kuwa walikuwapo watu waliokubali kumtazama kwa haki, hata pale haki hiyo ilipowagharimu fedha na fahari yao. Tunawataka wanaochagua vikosi hapa kwetu nao wakubali gharama hiyo, kuanzia msimu ujao.