Ada ya Kijana na Mpira wa Chuo

Ndugu msomaji mwenye kijana chuo kikuu, umepata kujiuliza ni shilingi ngapi za ada yake huishia michezoni? Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Chicago, chini ya rais wake Robert Hutchins, kiliivunja timu yake ya mpira wa Kimarekani mwaka 1939, mwaka ule ule ilipofungwa na Michigan 85 kwa bila. Mwaka 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wake, wanasayansi wakawasha tanuri la kwanza la atomiki. Wengi huishia hapo wakisema elimu ilishinda. La, hasha! Timu ilirejea mwaka 1969, ila mchezaji halipiwi masomo kwa ajili ya mpira. Hilo ndilo la kuigwa: viwanja na viatu vya wengi kwanza, safari za wachache baadaye.

Hata hivyo, mbio ndizo zilizomfikisha Suleiman Nyambui wetu katika Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, na mwaka 1980 akatwaa medali ya fedha mjini Moscow. Basi zitengwe nafasi chache kwa vijana wa namna hiyo, wasome kwelikweli, na hesabu zibandikwe ukutani, wewe mlipaji uzione.