Baba anataka kujenga ndege gereji



Safari hii swali limetoka kwa mama mmoja anayeishi Marekani na familia yake. Mumewe, ambaye ni fundi wa magari, amemwambia kwamba anataka kujenga ndege ndogo ya alumini ndani ya gereji yao, ya watu wawili, na baadaye airushe mwenyewe. Ameshaanza kupima nafasi ya meza ya kazi. Mama anauliza mambo mawili: je, kitu kama hicho kinaruhusiwa, na je, amkatalie?

La kwanza ni jepesi. Kinaruhusiwa, na wala si jambo geni. Sheria ya Marekani ina fungu maalumu la ndege zilizojengwa na watu wasio wa kiwanda. Sharti kubwa ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya kutengeneza na kuunganisha iwe imefanywa na watu wanaojenga kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha, si kwa biashara. Chama chao, EAA, kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin, na kila mwaka wajenzi na mashabiki hukusanyika mjini Oshkosh. Kampuni moja ya Oregon, Van's Aircraft, iliyoanza mwaka 1973, imeuza seti za vipande ambazo zimezaa ndege zaidi ya 11,000 zilizokwisha kuruka. Uingereza nako watu hujenga, chini ya chama kiitwacho LAA, na mkaguzi wake huja kuitazama kazi hatua kwa hatua.

La pili, dada yangu, lisijibiwe kwa ndiyo wala hapana ya haraka. Kwanza uijue kazi yenyewe, kisha umketishe mzee mezani na kumuuliza maswali manne.

Tuanze na kazi. Sote tumewahi kuletewa kwenye simu picha ya kijana wa nyumbani aliyeunda ndege ya mabati na injini ya pikipiki. Tunampigia makofi, na kipaji anacho. Lakini hii tunayoizungumzia ni kitu kingine. Hapa ramani imechorwa na wahandisi, ndege ya mfano imejaribiwa, na vipande vya alumini hufika ndani ya masanduku vikiwa vimekatwa, na mara nyingi vimetobolewa matundu. Bati lake ni jembamba, sehemu nyingi halifiki hata milimita 1. Nguvu yake inatokana na umbo lililokunjwa na maelfu ya riveti zinazoshika bati kwenye mbavu za ndani.

Kila tundu lina kazi yake. Likishatobolewa, kingo zake husafishwa mpaka zisiwe na ncha kali, kwa sababu ncha hiyo ndipo ufa unapoanzia. Ukitaka kuelewa, chukua mkebe wa soda, ukate ukanda, uukwaruze kwa msumari, kisha ukunje na kukunjua. Utakatikia palepale penye mkwaruzo. Bawa la ndege linakunjwa kidogo kidogo hivyo kila linapopita kwenye upepo mkali, kwa miaka.

Kisha huja riveti. Zipo za kuvuta, ambazo mtu mmoja huzifunga kwa bunduki yake ya mkono akiwa upande mmoja tu wa bati. Na zipo za kugonga. Hizi zinataka nyundo ya upepo kwa nje, na upande wa ndani mtu ashikilie kipande kizito cha chuma ili mkia wa riveti ujipige hapo na kutanuka. Ribiti au riveti, vyovyote unavyoiita, kipimo chake hakina mchezo: yenye unene wa milimita 3.2 ikishagongwa, kichwa cha ndani kiwe na upana wa kama milimita 4.8 na kimo cha kama milimita 1.6. Ikienda upande, inatobolewa na kutolewa, inawekwa nyingine. Fundi wa magari hatapata shida na vifaa. Anachotakiwa kuwa nacho ni moyo wa kutoa riveti mbovu saa tano za usiku, wakati hakuna anayemwona na rangi itaifunika.

Sasa maswali.

Swali la kwanza: muda utatoka wapi? Wengi huhitaji saa 1,000 hadi 2,000 kutegemea aina ya ndege. Tuchukue 1,500. Akifanya saa 10 kila wiki bila kukosa, ni karibu miaka 3. Akipata saa 5 tu, ni karibu miaka 6. Mtoto aliye darasa la sita leo atakuwa anamaliza sekondari. Basi andikeni siku. Kama Jumamosi asubuhi ni ya ndege, Jumapili ibaki ya familia. Seti ambazo hazikumalizwa zinauzwa kila siku, na nyingi hazikukwama kwa sababu ya ugumu wa kazi. Zilikwama kwa sababu mwenye nyumba alikuwa peke yake gereji na wenzake walikuwa peke yao sebuleni.

Hilo linatuleta kwenye swali la pili: nani atashika chuma? Nimesema riveti za kugonga zinataka watu wawili. Ukweli ni kwamba mara nyingi huyo wa pili ni mke, au mtoto mwenye mkono mwembamba unaoingia ndani ya mkia. Ni kazi halisi, si kumsaidia baba kubeba taa. Anayeshika ndiye anayeona kichwa kilivyotoka, na ndiye anayesema “rudia”. Kama wewe na watoto hamtaki, semeni mapema, na yeye achague ndege ya riveti za kuvuta. Kama mnataka, vaeni miwani na vizuia sauti masikioni, kwani nyundo ile ina kelele.

Swali la tatu: pesa ni ipi na inaishia wapi? Jambo moja linafariji, kwamba seti nyingi huuzwa kwa mafungu: mkia kwanza, halafu mabawa, halafu bodi. Hivyo mtu anaweza kusimama bila kuzama. Lakini injini hukaa mwishoni, na kwa kawaida ndiyo kitu kimoja ghali kuliko vyote. Kuna pangaboi, vyombo vya rubani, bima, na kodi ya sehemu ya kuiegesha uwanjani. Sisi wa ughaibuni tuna bajeti isiyoandikwa kwenye karatasi ya mshahara: dawa za mama, ada ya mdogo wetu, mchango wa msiba. Pesa hizo zitajwe kwa jina na ziwekwe pembeni kabla ya fungu la kwanza kuagizwa. Kila fungu linunuliwe kwa fedha taslimu, si kwa mkopo. Na msitegemee kwamba ndege itarudisha gharama kwa kubeba abiria wa kulipa, kwa sababu ndege ya namna hii hairuhusiwi kufanya hivyo.

Swali la nne: karatasi zikoje? Kununua seti na kujenga hakuhitaji leseni. Kusajili ndege ni jambo jingine. Marekani, mtu binafsi anayesajili kwa jina lake lazima awe raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Aliye kwa viza ya masomo au ya kazi hawezi. Na asiye raia, hata mwenye grinikadi, lazima apate kibali cha idara ya usalama wa usafiri, TSA, kabla ya kuanza mafunzo ya urubani. Ajue hayo leo, si baada ya miaka minne ya kugonga bati.

Tena aweke daftari la kazi lenye tarehe na picha za kila hatua. Daftari hilo ndilo litakalomwonyesha mkaguzi kwamba alijenga yeye. Likikubaliwa, anaweza kupata cheti kinachomruhusu kuifanyia ndege yake hiyo ukaguzi wa kila mwaka. Na EAA wana wataalamu wa kujitolea wanaokuja nyumbani kutazama kazi bila malipo. Awaite kabla hajafunga bawa, wakati ndani bado panaonekana.

Sitaki kuficha hatari. Mwaka 2012 bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani ilitoa taarifa juu ya ndege hizi, ikaonyesha kwamba hupata ajali zaidi kuliko ndege ndogo za viwandani, na kwamba nyingi hutokea mapema katika maisha ya ndege, hasa injini ikizima au rubani akishindwa kuidhibiti. Ndiyo maana kuna kipindi cha majaribio, kwa kawaida saa 25 au 40 za kuruka kutegemea injini na pangaboi, ambamo abiria wa matembezi haruhusiwi. Mtoto aliyeshika chuma miaka mitatu atalia apande siku ya kwanza. Jibu ni hapana. Na mzee asione aibu kumpa rubani mwenye uzoefu airushe mara ya kwanza. Tena someni bima yenu ya maisha, kwani baadhi hazimlipii mtu anayerusha ndege binafsi.

Wapo watakaouliza kama inaweza kurushwa hadi nyumbani. Cheti cha ndege ya namna hii hakivuki mpaka chenyewe, kila nchi hutoa ruhusa yake. Lakini si ndoto tupu. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya alumini ya viti vinne aina ya Sling 4 kwa wiki tatu, kisha ikarushwa na marubani vijana kutoka Cape Town hadi Misri. Njiani walitua Zanzibar.

Na nyinyi wanafunzi, msisubiri kuwa na gereji. Tafuteni tawi la EAA lililo karibu na chuo, mwende Jumamosi, mwombe kushika chuma. Wenye umri wa miaka 8 hadi 17 wanaweza kurushwa bure na marubani wa chama hicho katika mpango ulioanza mwaka 1992.

Kwa mama aliyeuliza, ushauri wangu ni huu. Kampuni ya Zenith, iliyoko mji uitwao Mexico katika jimbo la Missouri, huwa na mafunzo ya siku mbili ambapo mtu hujenga usukani wa mkia kwa mikono yake na kuondoka nao. Nendeni wote wawili. Mkirudi, utundikeni ukutani gereji kwa miezi mitatu, na maswali manne yakiwa yameandikwa chini yake. Kama baada ya miezi hiyo yamepata majibu yenye saini zenu nyote wawili, agizeni fungu la kwanza.